UZI: Unaanza Magic: The Gathering? Kabla hujasaka kadi kali, panga mana yako

MLETA UZI

Wakuu salaam.

Uzi huu ni kwa wale walioanza kucheza Magic, mchezo wa kadi wa kupambana na mpinzani, iwe kwa kadi za kushika mkononi au kwa Arena (Magic ya kidijitali) kwenye simu, na wanachapwa mechi baada ya mechi bila kuelewa tatizo liko wapi. Malalamiko nayajua: "mwenzangu ana kadi za bei", "mimi ardhi hazinijii", "jamaa ana bahati". Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mchezaji mpya hapigwi na kadi kali, anapigwa na mana. Deki yake haikupangwa iweze kutumia mana kila zamu, na yeye mwenyewe hajaanza kuhesabu mana anayoiacha ilale bure. Rekebisha hilo kwanza. Mengine yatafuata.

Kwa ambaye ndiyo anasikia leo, nieleze kwa kifupi. Mchezo ulibuniwa na Richard Garfield, na kampuni ya Wizards of the Coast ikautoa mwaka 1993. Kila mtu anaanza na uhai 20 na deki ya kadi zisizopungua 60. Kadi ya jina moja haizidi nakala 4, isipokuwa ardhi za msingi. Unashika kadi 7. Kila zamu unavuta kadi moja, unaruhusiwa kuweka ardhi moja tu, unalaza ardhi zako (unazigeuza upande) kupata mana, na mana ndiyo inayolipia viumbe na uchawi. Rangi ni tano: nyeupe inatoka kwenye tambarare, buluu kwenye visiwa, nyeusi kwenye vinamasi, nyekundu kwenye milima na kijani kwenye misitu. Uhai wa mpinzani ukifika 0, umeshinda.

Sasa tuingie kwenye mada yenyewe.

Katika toleo la kwanza la 1993 kulikuwa na kadi tano, moja kwa kila rangi, zote zikigharimu mana 1 na zote zikikupa kitu "3". Healing Salve ya nyeupe inarudisha uhai 3 au inazuia madhara 3. Lightning Bolt ya nyekundu inapiga 3. Giant Growth ya kijani inampa kiumbe +3/+3 mpaka zamu iishe (namba ya kwanza ni nguvu ya kupiga, ya pili ni uimara wa kuhimili madhara). Dark Ritual ya nyeusi inakupa mana 3 nyeusi. Ancestral Recall ya buluu inavuta kadi 3.

Kwenye karatasi zinafanana. Bei ile ile, tarakimu ile ile. Lakini tazama zilikoishia. Legacy na Vintage ni aina za mashindano zinazoruhusu kadi za zamani: Ancestral Recall imepigwa marufuku kwenye Legacy, na kwenye Vintage unaruhusiwa nakala 1 tu kwenye deki nzima. Lightning Bolt bado ni moja ya kadi nyekundu bora kuwahi kuchapishwa. Giant Growth inatumika hapa na pale. Healing Salve hakuna mchezaji makini anayeiweka.

Kwa nini? Kwa sababu vitu vitatu vya mchezo huu havina thamani sawa. Kadi ni mali, mana ni muda, uhai ni akiba. Ukiwa na uhai 20 au ukiwa na uhai 1, viumbe wako wanapiga sawasawa na uchawi wako unafanya kazi vilevile. Nukta ya mwisho ndiyo inayokuua, zile 19 za mwanzo ni za kutumia. Mtu anayeanza anafanya kinyume: anakumbatia uhai wake, anaweka kadi za kujiponya, anazuia kila shambulizi kwa kumtoa kiumbe kafara, halafu kufika zamu ya sita mkono hauna kitu na mezani hakuna kitu. Uhai anao, wa kufanyia nini?

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: mana ambayo hukuitumia zamu hii haibebwi kwenda zamu ijayo. Imepotea. Mtu aliyetumia mana 1 zamu ya kwanza, 2 ya pili, 3 ya tatu na 4 ya nne ametumia mana 10. Aliyekaa kimya mpaka zamu ya nne ndiyo akashusha jitu lake la kwanza ametumia 4. Huyo wa pili hata jitu lake liwe la kutisha, yuko nyuma kwa mana 6, na zile mana 6 zinampiga usoni kila zamu.

MLETA UZI

Naendelea. Namna ya kupanga deki.

Kosa ninaloliona sana ni deki iliyojaa majoka. Mtu anaona Shivan Dragon, mana 6, 5/5, anaruka, anaongezeka nguvu kwa mana nyekundu, anaweka 4. Halafu anaongeza wengine wa mana 5, 6, 7. Matokeo yake zamu nne za kwanza anaangalia tu. Joka moja au mawili ya kumalizia yanatosha kabisa.

Mpangilio wa kuanzia ninaoupendekeza kwa deki ya kadi 60 inayoshambulia bila papara ni huu: ardhi 24, kadi za mana 1 ziwe 8, za mana 2 ziwe 10, za mana 3 ziwe 8, za mana 4 ziwe 6, na za mana 5 kwenda juu zisizidi 4. Jumla 60. Tazama uzito ulipo: kwenye mana 2 na jirani zake. Ukifuata hapo, mara nyingi utakuwa na cha kufanya tangu zamu ya pili.

Na jambo hili si nadharia tu. Mwaka 1996, kule Atlanta, Marekani, Paul Sligh aliingia kwenye mashindano ya kufuzu Pro Tour (mashindano makubwa ya Magic) na deki nyekundu iliyobuniwa na Jay Schneider. Ndani yake mlikuwa na Dwarven Trader, Goblins of the Flarg na Ironclaw Orcs, kiumbe wa mana 2 mwenye 2/2 ambaye hata haruhusiwi kumzuia kiumbe mwenye nguvu 2 au zaidi. Kadi ambazo watu walikuwa wanazitupa. Lakini ngazi ya gharama ilipangwa kwa uangalifu kiasi kwamba kila zamu mana yote ilikuwa inaliwa. Deki ya aina hiyo inaitwa Sligh mpaka leo. Kila nikisoma orodha yake nafurahi, maana ni ushahidi kwamba mpangilio mzuri unaweza kuzibeba kadi za kawaida.

Halafu: kadi 60, si 61, si 80. Wengi wanaona uchungu kuacha kadi nje. Fanya hesabu. Kadi yako bora unayo nakala 4. Kwenye deki ya 60, nafasi ya kuiona angalau moja kwenye mkono wa kwanza wa kadi 7 ni karibu asilimia 40. Kwenye deki ya 80 inashuka hadi asilimia 31. Umejipunguzia mwenyewe.

Rangi: anza na moja, ukizoea nenda mbili. Tatu acha kwanza. Kuwa na mana 3 za kijani mezani huku mkononi umeshika kadi nyeusi ni sawasawa na kutokuwa na mana.

MCHANGIAJI

Mkuu asante kwa darasa. Ila ardhi 24 si nyingi mno? Mimi naweka 20 ili nipate kadi nyingi za maana, na bado kuna mechi ardhi zinanifurika.

MLETA UZI

Swali zuri mkuu, tulihesabu badala ya kubishana.

Deki ya kadi 60 yenye ardhi 24: nafasi ya mkono wa kwanza kuwa na ardhi 1 au kukosa kabisa ni kama asilimia 14, yaani takribani mechi moja kati ya saba. Ukipunguza ziwe 20, nafasi hiyo inapanda hadi karibu asilimia 25, mechi moja kati ya nne. Kwa ardhi 24 mikono yenye ardhi 2 hadi 4, ile inayochezeka, ni kama asilimia 77. Kufurika kunauma, lakini ukifurika angalau unacheza kila kadi unayovuta. Ukikosa ardhi, kadi zako 6 nzuri unazitazama tu mpaka mechi inaisha.

Hata hivyo hoja yako ina ukweli upande mmoja. Deki inayoishia mana 3 haihitaji 24. Deki za Burn kwenye Modern (aina nyingine ya mashindano), zile za kumchoma mpinzani kwa Lightning Bolt na wenzake, zinatumia ardhi 19 au 20, kwa sababu karibu kila kadi ni ya mana 1 au 2. Kwa hiyo usiulize "ardhi ngapi" peke yake. Angalia kwanza deki yako inalipa nini. Ukiwa na viumbe wa mana 5 ndani halafu ardhi 20, hapo ndipo unapojiumiza. Na ukicheza draft, ambako unatengeneza deki ya kadi 40 kutokana na pakiti mnazofungua, weka ardhi 17 na usihangaike.

MCHANGIAJI

Na kurudisha mkono je? Mimi huwa naogopa, naona napoteza kadi.

MLETA UZI

Unapoteza moja, ni kweli. Kwa kanuni iliyopo tangu 2019, ukirudisha mkono unachanga deki, unavuta tena kadi 7, kisha unachagua moja unaiweka chini ya deki. Ukirudisha mara ya pili unaweka mbili chini. Kumbuka kwamba unachagua mwenyewe ya kuondoa, kwa hiyo mkono wa kadi 6 leo hauna ubaya ule wa zamani.

Mkono wa ardhi 1 rudisha. Mkono wa ardhi 6 na kadi moja rudisha. Mtihani uko kwenye ardhi 2, na jibu linategemea nani anaanza. Anayeanza havuti kadi zamu yake ya kwanza. Kwa deki ya ardhi 24, ukiwa na 2 mkononi na wewe ndiye unayeanza, nafasi ya kupata ardhi ya tatu ifikapo zamu ya tatu ni kama asilimia 66. Ukiwa wa pili, una mvuto mmoja zaidi, inapanda hadi karibu 81. Tofauti hiyo ni kubwa. Kwa hiyo ardhi 2 na kadi za mana 1 na 2, wewe ni wa pili: cheza. Ardhi 2 na kadi za mana 4 na 5, wewe unaanza: rudisha bila kusitasita.

MLETA UZI

Leo tuingie vitani, maana hapa ndipo mechi nyingi zinapokwenda.

Chukua hali hii. Wewe una Hill Giant mezani, 3/3, hajalazwa. Mkononi una Lightning Bolt na mlima mmoja uko wima (haujalazwa). Mpinzani anacheza kijani, ana Grizzly Bears, 2/2, na misitu mitatu wima. Anamtuma dubu wake amshambulie nani? Wewe, mwenye jitu la 3/3 linaloweza kumzuia na kumuua.

Simama hapo kabla hujagusa kadi. Mtu mwenye akili zake hatumi 2/2 kwenye 3/3 huku ameacha mana 3 wima bila sababu. Ana kitu. Kwa kijani, kitu hicho mara nyingi ni Giant Growth au ndugu yake. Anayeanza anazuia haraka kwa furaha, jamaa anaweka Giant Growth, dubu anakuwa 5/5, jitu limekufa, na dubu anarudi nyumbani salama.

Lakini wewe una Lightning Bolt. Zuia. Subiri aiweke Giant Growth. Kabla haijafanya kazi, unajibu kwa Lightning Bolt kwa dubu. Kadi za namna hii zinapangwa juu kwa juu, na ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kufanya kazi. Bolt inapiga 3 dubu akiwa bado 2/2, anakufa, na Giant Growth inabaki bila wa kumpa nguvu, inakwenda makaburini bure. Umetumia kadi 1, yeye amepoteza 2, na jitu lako limesimama. Ukicheza Bolt mapema, kabla hajajifunga, ungebadilishana moja kwa moja tu. Ukichelewa ukaiacha Giant Growth ikamilike, jitu lako halinusuriki tena.

Ndiyo maana nasema kadi za papo hapo, kama Bolt na Giant Growth, zisubirishwe mpaka dakika ya mwisho inayofaa. Mpinzani ajifunge kwanza.

Hii inakwenda pamoja na zoea lingine dogo: shambulia kwanza, shusha viumbe baadaye. Zamu yako ina nafasi mbili za kushusha kadi, kabla ya vita na baada ya vita. Kiumbe aliyeshuka sasa hivi hawezi kushambulia zamu hii (isipokuwa wale wenye haraka), kwa hiyo kumshusha kabla ya vita kunamwambia mpinzani tu kwamba mana yako imeisha na huna hila. Shambulia ukiwa na mana wima, mwache ajiulize, kisha shusha.

Na wale wanaomvalisha kiumbe mmoja kadi mbili tatu za kumwongezea nguvu, nawaombeni muwe waangalifu. Murder, kadi nyeusi ya mana 3, inaua kiumbe yeyote. Kadi yake moja inaondoka na kadi zako tatu.

MCHANGIAJI

Mkuu hapo kwenye uhai kutumika kama akiba sikubaliani sana. Mimi nacheza buluu na nyeupe, nisipolinda uhai nakufa kabla Serra Angel wangu hajashuka.

MLETA UZI

Nakuelewa, na wala hatupingani. Kila mechi ina mshambuliaji na mlinzi, na kazi yako ya kwanza ni kujua wewe ni yupi. Swali lenyewe ni hili: mechi hii ikirefuka, nani anafaidika? Ukiwa na Serra Angel wa mana 5, 4/4 anayeruka na kushambulia bila kulala, pamoja na kadi za kuvuta kadi na kufuta uchawi, basi urefu ni wako. Wewe ni mlinzi. Zuia, badilishana viumbe kila ukipata nafasi, uhai ushuke hadi 7 hata 6, lakini ufike zamu ya tano na sita. Unalinda uhai kwa kuondoa wanaokupiga, na hiyo ni tofauti kabisa na kuweka kadi za kujiponya.

Kinachoua watu ni kukosea nafasi hiyo. Mshambuliaji anabaki nyuma kuzuia, mlinzi anakimbilia kushambulia.

Njia ya kujua ukiwa katikati ya mechi ni kuhesabu saa za kila mmoja. Mfano: wewe una uhai 9, yeye 8. Viumbe wako wanapiga jumla ya 4, wake wanapiga 3, na ni zamu yako. Kama hakuna anayezuia, wewe unamaliza kwa mashambulizi mawili, yeye anahitaji matatu. Shambulia, usiangalie nyuma. Atakushusha hadi 6, wewe unammaliza. Ukibaki na kiumbe mmoja nyumbani "kwa usalama" umempa zamu ya ziada ya kuvuta kadi ya kumwokoa. Hesabu hii ifanye kila zamu, hata kwa vidole.

MCHANGIAJI

Na wale viumbe wadogo wa kijani wa kutoa mana, niwaue au nihifadhi Bolt kwa mkubwa?

MLETA UZI

Zamu za mwanzo, ua. Llanowar Elves ni 1/1 kwa mana 1, anaonekana mnyonge, lakini akibaki hai mpinzani ana mana 3 zamu yake ya pili na mana 4 ya tatu. Yuko zamu nzima mbele yako kwa mechi yote. Mana 1 yako kwa mana 1 yake, na mkono wake uliojaa kadi nzito unakwama. Ila kama mechi imeshafika zamu ya saba na ana ardhi 7, mwache huyo, hana kazi tena. Hapo Bolt ihifadhi.

MCHANGIAJI

Sasa nianzie wapi, kununua pakiti au Arena?

MLETA UZI

Arena ni bure, ilitoka rasmi kwenye kompyuta 2019 na kwenye simu 2021. Inakufundisha kanuni na kukupa deki za kuanzia. Zicheze hizo kwanza. Zile kadi huria za kubadilisha kwa kadi yoyote ya daraja lile lile, zitunze. Arena huwezi kubadilishana kadi na mwenzako wala kuivunja kadi uliyokosea kuchagua, kwa hiyo zile za daraja la juu usizitumie mpaka uwe na deki moja unayojua utacheza nayo muda mrefu.

Ukitaka kadi za mkononi, usianze na pakiti za kubahatisha. Toleo la Foundations lilitoka Novemba 2024 likiwalenga wageni, na litakubalika kwenye Standard (aina ya mashindano ya matoleo mapya) mpaka angalau 2029, kwa hiyo kadi zake hazitapitwa na wakati mapema. Llanowar Elves, Serra Angel na Shivan Dragon wote wamo. Lina sanduku la wanaoanza lenye vifurushi 10 vya kadi 20. Unachukua viwili vyovyote, unavichanga pamoja, una deki ya 40 tayari. Wewe na rafiki yako mnaweza kucheza jioni nyingi bila kurudia mchanganyiko ule ule.

Ukishaunda deki yako, weka orodha yake hapa chini: ardhi ngapi, kadi ngapi za kila gharama. Nitapitia moja moja na kukuambia wapi mana inalala.